Kwa nini gari-nyumba hula mafuta mengi ukiongeza mwendo

Ukimaliza safari ndefu ya gari-nyumba, yaani gari lenye makazi ndani yake, kabla hujaliosha, lizunguke mara moja ulitazame. Mbele, kwenye paji lililo juu ya kioo, utakuta wadudu waliopondeka na kugandia. Nyuma, ukuta mzima na dirisha vimefunikwa na vumbi, hata kama ulipita kwenye lami tangu mwanzo hadi mwisho. Ubavuni uchafu ni kidogo. Pale wadudu walipogandia na pale vumbi lilipojaa ndipo mafuta yako mengi yalipoishia.

Mbele, hewa imegonga ukuta, ikakosa njia ya kupita upesi, mgandamizo wake ukapanda. Nyuma, ambako sanduku hukatika ghafla, hewa imeshindwa kujikunja ifuate umbo la gari. Ikaacha nafasi yenye mgandamizo mdogo, na humo hewa huzunguka-zunguka ikizoa vumbi la magurudumuni na kulipandisha hadi kwenye kioo. Kwa hiyo gari husukumwa kwa mbele na kuvutwa kwa nyuma kwa wakati mmoja, na injini inashindana na yote mawili. Aliyewahi kubeba bati siku ya upepo anaelewa: ukilishika kwa ukingo unatembea, ukiligeuza likaukabili upepo unayumba. Gari-nyumba ni bati lililogeuzwa.

Katika kazi yetu ya kushauri kuhusu matumizi ya nishati kwenye vyombo vya usafiri, swali la wenye magari haya huja karibu kwa maneno yaleyale: "Fundi amelipima, halina kasoro, mbona linakunywa hivi?" Tukiuliza walikuwa wakienda mwendo gani, wengi hujibu "wa kawaida tu". Wa kawaida huwa ni ule waliouzoea kwenye gari dogo. Tatizo linaanzia hapo.

Upinzani wa hewa hutegemea mambo manne: uzito wa hewa yenyewe, ukubwa wa uso wa gari, umbo lake, na mwendo. Matatu ya kwanza huingia kwenye hesabu mara moja. Mwendo huingia mara mbili, yaani huzidishwa kwa wenyewe. Ukiongeza mwendo maradufu, upinzani wa hewa unakuwa mara 4.

Tufanye hesabu kwa gari moja la mfano: tani 3.5, upana mita 2.3, urefu wa kwenda juu mita 3. Ukitoa uwazi ulio chini ya gari, uso wake ni kama mita za mraba 6.5. Kipimo cha umbo tukiweke 0.5, gari dogo la kisasa huwa karibu na 0.3, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo hewa inavyopita vizuri. Ukizidisha uso kwa umbo, gari letu linaikabili hewa karibu mara 5 ya gari dogo. Ndiyo maana mazoea ya gari dogo hayafai hapa.

Kwa kilomita 80 kwa saa, hewa inalizuia gari hili kwa nguvu ya nyutoni 960 hivi (nyutoni ni kipimo cha nguvu). Kwa kilomita 100 ni nyutoni 1,500. Kwa 120 ni karibu 2,170. Angalia hatua ya kwanza: mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini upinzani umepanda kwa zaidi ya nusu. Matairi nayo yana ukinzani wake barabarani, kama nyutoni 340 kwa uzito huu, ila huo haubadiliki sana na mwendo. Kwa hiyo gari likiwa linatambaa mjini, mzigo mkubwa ni uzito na kusimama-simama. Likishika barabara kuu, mzigo mkubwa ni hewa.

Sasa tuugeuze mzigo huo uwe lita. Lita moja ya dizeli ina nishati ya megajuli 36 hivi (megajuli ni kipimo cha nishati), na tukisema theluthi moja ndiyo inayofika kwenye magurudumu (iliyobaki hupotea kama joto kupitia bomba la moshi na rejeta, pamoja na misuguano ya ndani), hesabu inatupa lita 11 kwa kila kilomita 100 ukienda mwendo wa 80. Ukienda 90 ni lita 13. Ukienda 100 ni lita 15 na nusu. Ukienda 110 ni 18, na ukienda 120 ni 21. Usizichukue lita hizi kama ahadi ya gari lako. Injini ikibeba mzigo mkubwa hufanya kazi kwa ufanisi zaidi kidogo, hivyo barabarani ngazi zaweza kuwa na mwinuko mdogo kuliko hizi za kwenye karatasi. Lakini mwelekeo ni huohuo, na kila kilomita 10 unazoongeza hukugharimu zaidi kuliko 10 zilizotangulia.

Mizani ya upande wa pili ni muda, na hapa watu hujidanganya sana. Chukua safari ya kilomita 300. Kwa mwendo wa 100 utatumia saa 3 na lita 46. Kwa 90, saa 3 na dakika 20, na lita 39. Umechelewa dakika 20, umebakiza lita 7 kwenye tangi. Ukishuka hadi 80 utatumia saa 3 na dakika 45, lita 33. Ukipanda hadi 120 utaokoa nusu saa kwa kuchoma lita 17 za ziada, na nusu saa hiyo foleni moja ya kuingia mjini inatosha kuimeza. Tena hapa nimedhani mtu anaweza kushikilia mwendo uleule njia nzima, jambo ambalo kwa 120 halitokei: utakuta lori, utapunguza, utalipita, utakanyaga tena kurudisha tani tatu na nusu kwenye mwendo ule.

Mimi binafsi huwaambia watu waanze na 90. Wachache huvumilia 80 kwenye barabara pana, na kuna mahali ambapo kwenda 80 huku wengine wakienda 120 huleta hatari ya kugongwa nyuma. Sheria na alama za barabara unayopita ndizo zenye neno la mwisho, na katika nchi nyingi gari likizidi tani 3.5 hupewa ukomo wake wa mwendo, mdogo kuliko wa magari mengine.

Je, ukizidi kupunguza utazidi kuokoa? Hapana. Injini ina gharama zake za kukaa hai tu: kuzungusha pampu, alteneta, na kushinda msuguano wake yenyewe. Gharama hizo huhesabiwa kwa dakika, kwa hiyo safari ikirefuka nazo huongezeka. Ukishuka hadi gari likalazimika kurudi gia ya chini, faida inaanza kupotea. Kwa magari mengi ya aina hii mwendo wenye nafuu ni ule mdogo kabisa ambao gia ya juu bado inauchukua bila injini kunguruma kwa shida na kutetema, mara nyingi kati ya 70 na 90. Idara ya Nishati ya Marekani huwaeleza wenye magari ya kawaida kwamba ufanisi huanguka haraka baada ya maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80. Kwa sanduku la mita 3, sioni sababu ya kupaweka mahali hapo juu zaidi.

Wazo lenyewe si geni. Baada ya vikwazo vya mafuta vya mwaka 1973, Marekani iliweka ukomo wa maili 55 kwa saa nchi nzima mwaka 1974, na ukomo huo wa kitaifa haukufutwa kabisa hadi 1995. Mwaka 2022, mafuta yalipopanda bei tena, Shirika la Kimataifa la Nishati lilizishauri nchi zipunguze ukomo wa barabara kuu kwa angalau kilomita 10 kwa saa.

Kuna jambo ambalo mshale wa dashibodi hauoneshi: upepo. Hewa haijali magurudumu yanazunguka kwa mwendo gani. Inachokijua ni mwendo wa gari dhidi yake. Ukienda 90 huku upepo wa kilomita 20 ukikujia usoni, upinzani ni ule wa mtu anayekwenda 110 siku tulivu, nusu nzima juu ya kawaida. Upepo wa ubavuni nao si salama kwa mfuko, maana hewa ikilipiga gari kwa pembe hukuta uso mkubwa zaidi, achilia mbali usukani unavyokuchosha. Siku kama hizo kupunguza kilomita 10 kunalipa kuliko siku nyingine yoyote. Na ukipata upepo wa mgongoni, ufurahie kimyakimya. Usiutumie kuongeza mwendo.

Mshale huohuo, kwa kawaida, unakupamba. Kanuni za kimataifa zinazofuatwa na nchi nyingi (Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa) zinakataza kipimo cha mwendo kuonyesha chini ya mwendo halisi, lakini zinakiruhusu kuonyesha zaidi, hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo watengenezaji hujiwekea akiba. Dashibodi ikisoma 100, GPS yaweza kukuambia 95. Unapolinganisha matumizi yako na ya mwenzako, hakikisheni mnatumia kipimo kimoja, la sivyo mtabishana bure.

Vilima vina hesabu yao. Kwenye mwinuko wa asilimia 5, uzito wa gari letu la tani 3.5 huongeza nyutoni 1,700, kuliko hewa yote ya mwendo wa 100. Dereva aliyeacha mtambo wa kushikilia mwendo ukiwa umewashwa atausikia ukishusha gia na kuinguruza injini ili tu namba isishuke. Uzime. Acha mwendo upungue wenyewe kuelekea kileleni, ukae upande wa magari ya polepole. Mafuta uliyotumia kupandisha uzito ule hurudi kwa sehemu unapoteremka, isipokuwa yale unayoyachoma kwenye breki. Ukiwa unateremka, toa mguu kwenye mafuta lakini gari libaki kwenye gia: injini za kisasa hukata dizeli kabisa katika hali hiyo. Anayetoa gia ili "kuokoa" anailazimisha injini inywe mafuta ya kubaki ikiwaka, na amejinyima msaada wa injini kwenye breki. Tani tatu na nusu zikishika mteremko, breki hupata moto hadi kulegea.

Watu huniuliza pia kuhusu maji. Tangi la lita 100 likijaa ni kilo 100. Barabara ikiwa tambarare, kilo hizo huongeza nyutoni 10 tu, chini ya asilimia 1 ya mzigo wote wa mwendo wa 80. Kuyamwaga hakudhuru, na vilimani utaona nafuu ndogo, lakini mtu anayemwaga maji kisha akaenda 110 amejinyima maji bure. Vitu vya juu ya paa ni suala jingine, kwa sababu vinaongeza uso na kuvuruga umbo: keria tupu, sanduku la mizigo, kiyoyozi. Hivyo navyo hutozwa kwa mraba wa mwendo.

Upepo wa matairi upime yakiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwa uzito wa gari lako likiwa limepakiwa. Tairi legevu hula mafuta kidogo zaidi, ila kinachonitia wasiwasi ni joto: tairi lenye upepo mdogo chini ya gari zito, mwendo mkubwa, mchana wa jua, hupasuka. Na tafadhali usijibanze nyuma ya lori ili likukate upepo. Ni kweli utahisi gari limekuwa jepesi. Ni kweli pia kwamba hutaona kitu mbele, na umbali wa kufunga breki nao hukua kwa mraba wa mwendo.

Ukitaka namba za gari lako, kompyuta ya dashibodi si shahidi wa kutegemewa sana. Jaza tangi, andika kilomita, nenda mwendo uliouzoea kwa siku nzima, jaza tena, gawanya. Siku nyingine, njia ileile na mzigo uleule, punguza kilomita 10 kwa GPS. Kama upepo ulivuma, rudia kwa kwenda na kurudi. Na ujazie kwenye pampu ileile, gari likiwa limeelekea upande uleule, ukome pale bomba linapojikata mara ya kwanza: tangi refu likiinama kidogo tu huficha lita kadhaa za hewa, na lita hizo zinatosha kuharibu kipimo chote.