Je, wajua kwa nini maji ni ghali mlimani Mwanza, ilhali ziwa liko pale chini?

Ukisimama juu ya mawe ya Igogo unaliona Ziwa Victoria limetanda mbele yako, na bado mama anapita pembeni akihema, dumu la lita 20 kichwani.

Miaka mingi niliamini kwamba mamlaka ya maji inawatoza wa mlimani bei ya juu. Nilikosea. Bei za MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, nazo hupangwa kwa aina ya mteja: nyumbani, taasisi, biashara, kiwanda. Kimo cha mlima hakimo. Mwenye mita bondeni na mwenye mita kileleni wanalipa uniti bei ile ile. Tena nilidhani tunauziwa maji ambayo Mungu ameyatoa bure. Bili ni ya kuyavuta, kuyasafisha na kuyapandisha.

Kupandisha ndiko kwenye kazi. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50, tani nzima. Kuipandisha mita 100 kunakula robo ya uniti ya umeme na ushee, kabla ya kuhesabu nguvu inayopotea kwenye pampu. Na ukiyasukuma kwa mkupuo mmoja, bomba la chini linabeba uzito wa maji yote yaliyo juu yake. Kiungio dhaifu kinafumuka. Ndiyo maana hupandishwa kama watu wanaopokezana madumu kwenye ngazi: pampu hadi tenki, kisha pampu nyingine hadi tenki la juu zaidi. Asubuhi, wa bondeni wakifungua mabomba kwa pamoja, msukumo unashuka na bomba la juu linatoa hewa tu.

Hapo soko linaingia. Mchuuzi wa maji yeye analipwa kwa kimo, na bei ya dumu hupanda kadiri anavyopanda, ingawa hutofautiana mtaa kwa mtaa na msimu kwa msimu. Tofauti ni kwamba gharama ya kupandisha yeye humtoza aliye juu peke yake. Mamlaka huigawa gharama hiyo kwa wateja wote. Mwenye bomba bondeni anamchangia umeme jirani wa mlimani bila kujua, na mimi naona ni haki kabisa. Ila mchango huo humfikia tu yule aliyefikiwa na bomba.

Mtambo mpya wa kusafisha maji wa Butimba una uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, nao uko ufukweni. Kutoka ufukweni hadi mlimani bado yanatakiwa matenki ya kupokezana, na bomba la kupenyezwa katikati ya miamba ambako hata mkokoteni haupiti.