Kabla ya kusema "hajui kusoma"

"Mwalimu, nina vijana kumi na watatu kidato cha kwanza hawajui kusoma. Mimi nimesomea Historia na Kiswahili, kufundisha kusoma sikufundishwa. Nianzie wapi?"

Mwanachuo wangu aliniuliza hivyo nilipomtembelea kwenye BTP, mazoezi yake ya kufundisha shuleni. Alikuwa na hofu ya kutomaliza mada, na hofu kubwa zaidi ya kuwapoteza wale watoto. Nilimwomba aniitie wawili tu, mmoja baada ya mwingine.

Kijana wa kwanza nilimpa aya ya Kiswahili yenye sentensi hii: "Wakulima waliofundishwa hawakusahau." Alipofika neno la pili kidole kikasimama. Wa. Li. O. Fu. Ndi. Silabi zote alizijua, lakini zilikuwa sita, na alipokaribia ya mwisho, zile za mwanzo zilikuwa zimeshamtoka. Akakisia: "walifundisha." Maana ikageuka, waliofundishwa wakawa walimu. Kisha nikamsomea mimi aya ileile, nikamuuliza maswali. Alijibu yote.

Binti aliyemfuata alisoma aya ya Kiingereza kuhusu ufuaji chuma bila kukwama. Nikamuuliza "iron" ni nini. Kimya. Nikagusa nondo ya dirisha: "Hii ni nini?" "Chuma." Ndiyo "iron" aliyokuwa ameitamka mara nne.

Mwaka 1986 watafiti wa usomaji Gough na Tunmer walieleza kusoma kuwa ni zao la mambo mawili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Moja likiwa sifuri, jibu ni sifuri. Kijana yule amekwama kwenye la kwanza, binti kwenye la pili, na orodha ya mwanachuo wangu iliwaweka kapu moja.

Kijana usimrudishe kwenye ba, be, bi. Mkatie neno kwa maana: wa-li-o-fundishwa, vipande vinne badala ya sita, kila kimoja kina kazi yake. Lijenge ubaoni kutoka fundisha, fundishwa, walifundishwa, mpaka waliofundishwa. Maneno matatu ya mada ya siku hiyo, dakika tano, basi. Mada haitakwama kwa dakika tano. Binti yeye anahitaji kitu kabla ya neno: mwonyeshe jembe, mzungumze kwa Kiswahili, ndipo afungue kitabu. Shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili miaka yote. Hawezi kuamka kidato cha kwanza na msamiati wa Kiingereza aliouota usiku.

Nawasihi pia mchunge heshima yao. Kijana wa miaka 14 ukimpa kitabu cha darasa la pili chenye picha ya kuku, umemfukuza. Usimsimamishe kusoma mbele ya wenzake ghafla. Mpe aya yake jana yake aende nayo nyumbani. Na kule kusoma kwa pamoja, darasa zima likiitikia, kunawaficha hasa wale unaowatafuta.

Wapo wanaokosa yote mawili. Dakika tano haziwatoshi hao. Mwombe mwalimu wa taaluma nusu saa kabla ya vipindi, mara tatu kwa wiki, vijana wasizidi sita, na uanze na majina yao wenyewe. Nimekutana na mtoto wa kidato cha kwanza aliyekuwa akilichora jina lake kama mtu achoraye nyumba, akianzia herufi ya mwisho.