Simu mbili zikirusha pamoja, si lazima ziharibiane

Wengi hufundishwa kwamba simu mbili zikituma kwa mnara mmoja kwa wakati na masafa yale yale, ujumbe wote hupotea, kwa hiyo njia bora ni kupokezana zamu. Zamu ni rahisi kuziendesha, lakini si kikomo cha mtandao. Kikomo halisi cha kasi ambazo simu hizo zinaweza kupata pamoja kilithibitishwa na watafiti Ahlswede na Liao mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Tuseme simu ya karibu inafika mnarani ikiwa na nguvu mara 1023 ya kelele (mawimbi ya ovyo yasiyobeba ujumbe), na ya mbali mara 3. Kwa kanuni ya Shannon, inayotoa kasi ya juu kabisa kutokana na uwiano wa nguvu na kelele, kila moja ikiwa peke yake hupata biti 10 na biti 2 kwa sekunde kwa kila hezi ya upana wa masafa. Zikigawana muda nusu kwa nusu, zinabaki na 5 na 1.

Sasa ziache zirushe pamoja. Mnara husoma kwanza ile yenye nguvu, ukiichukulia ya mbali kuwa kelele tu: biti 8 hivi. Kisha huunda upya mawimbi yake, huyatoa kwenye yaliyopokelewa, na ya mbali inabaki na biti zake 2 kamili.

Ugumu uko kwenye kutoa. Mnara ukikadiria vibaya chaneli, yaani jinsi mawimbi yanavyobadilika njiani, na kuacha asilimia 1 tu ya nguvu ya simu ya karibu, mabaki ni mara 10 ya kelele. Simu ya mbali huporomoka hadi biti 0.34. Hiyo ni sababu mojawapo ya mitandao mingi bado kupendelea zamu.