Mtoto aliyekukumbatia kabla hajajua jina lako

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Kikundi cha wanafunzi wa chuo kilikuja kwenye kituo chetu cha kulelea watoto kikiwa na magunia ya nguo, katoni za sabuni na madaftari. Walicheza na watoto kwa saa tatu. Wakati wa kuagana kiongozi wao, binti mwenye adabu na moyo mzuri, aliniambia huku machozi yakimlengalenga: "Mama, hawa watoto wanachokosa ni upendo tu. Mmoja alinirukia na kunikumbatia hata sijashuka vizuri kwenye basi."

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na maneno hayo nimeyasikia miaka yote niliyofanya kazi kwenye vituo vya watoto. Huwa naitikia kwa kichwa, wageni wakaondoka na furaha yao. Safari hii nilishindwa. Nilimwambia, "Mwanangu, kukumbatiwa na mtoto asiyekujua si habari njema." Basi lilikuwa linamsubiri, akaondoka na nusu ya maelezo. Nusu iliyobaki ni hii.

Mtazame mtoto wa miaka mitatu anayelelewa nyumbani. Mgeni akipiga hodi, mtoto hukimbilia miguu ya mama yake, akachungulia kwa jicho moja. Mgeni akimwita, anazidi kujificha. Inaweza kupita nusu saa kabla hajasogea, na hata akisogea, kila baada ya hatua mbili anageuka kuangalia kama mama yupo. Mtoto huyo ana mtu wake, na kila asiye mtu wake lazima apimwe kwanza. Sasa mchukue wa kwetu aliyerukia shingo ya mgeni getini. Hakugeuka kumtazama yeyote, kwa sababu hana wa kumtazama. Amekwisha kujifunza kwamba watu wazima wanakuja na kupita, na anayewahi kunyoosha mikono ndiye anayebebwa. Kesho atamfanyia hivyohivyo dereva wa gari la maji. Ndiyo maana moyo wangu huuma pale ambapo wageni huchukua simu zao wapige picha.

Na jambo hili limechunguzwa. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Barbara Tizard na wenzake walifuatilia watoto waliolelewa kwenye vituo vya London. Vituo hivyo havikuwa vya dhiki: midoli ilikuwepo, vitabu vilikuwepo, na walezi walikuwa wamesomea kazi. Ila mtoto alipofika miaka miwili alikuwa amekwisha kulelewa na watu 24 kwa wastani, na alipofika miaka minne, watu 50. Baadhi ya watoto hao walimfuata mtu yeyote na kutaka kubebwa na yeyote. Kisha mradi mwingine ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000 ulichukua watoto wadogo 136 waliokuwa vituoni, na kwa kura nusu yao wakapelekwa kwenye familia za malezi ya kambo. Waliopata familia, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walishikamana na walezi wao vizuri zaidi kuliko waliobaki. Ile tabia ya kufuata wageni ndiyo iliyokuwa ngumu kuwatoka.

Hapa niseme wazi jambo ambalo mafunzo yetu hulipita harakaharaka. Tafiti hizo zilihusu walezi wanaobadilika, hazikuhusu mgeni wa saa tatu. Kuruka kutoka kwa mlezi wa 24 hadi kwa mwanafunzi wa Jumamosi ni hitimisho letu sisi wa kazi hii, na mimi mwenyewe sina uhakika kwamba linabeba uzito tunaolipatia. Nimeona siku zinazofuata ziara: wadogo hawalali, wengine wanaanza tena kukojoa kitandani. Lakini nimeona pia mvulana wa miaka kumi na minne aliyecheza mpira na wanafunzi wa uhandisi, na tangu siku hiyo akashika hesabu kwa nguvu zote. Siwezi kumtazama usoni nikamwambia ziara ile ilimdhuru. Kwa hiyo sitaki geti lifungwe. Ninachokataa ni watoto wa chini ya miaka mitano kupitishwa kutoka pajani kwa huyu hadi pajani kwa yule. Hao waachieni walezi wao.

Halafu acheni kuwaita wote yatima. Wengi wana mzazi au ndugu aliye hai. Hata takwimu zenyewe mnazozinukuu mkichangisha zinasomwa vibaya: UNICEF humhesabu kuwa yatima mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa mwaka 2015 walikadiriwa kuwa milioni 140 duniani, na kati yao waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa milioni 15.1. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala unasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake. Mtoto ambaye bibi yake anahangaika kupata nauli ya kuja kumwona anasikia mkimwita "asiye na mtu". Anasikia na anaelewa.

Na hapo ndipo misaada yenu inaponigusa. Kila kikundi huleta nguo za watoto wachanga, na stoo yetu inazo za kuvisha wachanga mara kumi ya tulio nao. Wavulana wa miaka kumi na mitano hakuna anayewakumbuka. Wasichana wanahitaji taulo za kike kila mwezi, nao huzipata mwezi wa sikukuu. Nguo za ndani ziwe mpya, na ulizeni saizi. Dawa msilete kabisa. Pigeni simu kabla ya kununua, maana orodha ninayo na huwa naombwa mara chache mno.

Ila ningeulizwa pengo kubwa liko wapi, ningesema ni mshahara wa mlezi wa zamu. Ukichelewa miezi miwili, anaondoka, na watoto sita wanapoteza mtu wao kwa siku moja. Hakuna gunia la nguo linaloziba hapo. Wanafunzi huniambia mshahara hauonekani kwenye picha, wachangiaji wanataka kuona vitu. Basi waelezeni wachangiaji. Ninyi ndio mnaosoma chuo, mna uwezo wa kueleza. Changeni kwa ajili ya mshahara huo, au kwa nauli ya yule bibi.

Mkitaka kutumia mikono, ipo kazi. Fueni mashuka ili mlezi apate saa moja ya kukaa na watoto wake. Pangeni stoo. Fundisheni wakubwa hesabu, watu walewale muhula mzima, na mkiondoka wapeni taarifa mapema na waageni kwa heshima.

Tunaye mtoto mmoja, sasa ana miaka minne. Aliletwa akiwa na miaka miwili, na kwa muda mrefu alikuwa wa kwanza getini kila gari lilipoingia. Mwaka huu wote amekuwa na mlezi mmoja ambaye hajabadilishwa. Juzi waliingia wageni wengine, naye akawaona, akarudi nyuma mbio, akazama nyuma ya miguu ya mlezi wake na kukataa hata kutoa mkono. Mgeni mmoja alisema, "Huyu mbona hana urafiki?" Mlezi aliniangalia, nami nikamwangalia. Tulikuwa tumelisubiri jambo hilo miaka miwili.