Televisheni ya dijitali: faida haikuwa pale wengi walipoitafuta

Tangu televisheni ya dijitali ianze kuingia majumbani miaka ya 1990, imeandamwa na maneno mengi, na mengine yamekula mitaji ya watu. Yale yanayomhusu mtazamaji nayapitia haraka. Si kweli kwamba televisheni ya zamani ilikuwa ya kutupwa, kwa sababu king'amuzi kilitosha. Si kweli kwamba ilihitajika "antena ya dijitali". Antena ya UHF, ile ya kawaida ya televisheni, inanasa mawimbi bila kujua yamebeba nini, ilimradi iwe ya masafa yanayohusika na ielekee mnara wenyewe. Wala dijitali haimaanishi kulipia kila mwezi. Hilo huamuliwa na mwenye biashara, teknolojia haimlazimishi.

Suala la picha linahitaji muda zaidi. Watu waliambiwa kwamba dijitali ni picha safi, chenga basi. Ni kweli, ila si kweli yote. Kwenye analojia, yaani mfumo wa zamani, mawimbi yakidhoofika picha huchakaa taratibu: chenga zinaongezeka na sauti inakwaruza, lakini bado unaona mpira unakwenda wapi. Dijitali haina uvumilivu huo. Picha inabaki safi mpaka mawimbi yafike ukomo fulani, kisha inakatika vipande kama vigae, inaganda, na kioo kinakuwa cheusi. Mtu wa mbali na mnara aliyezoea picha mbovu anaweza kuhamia dijitali akajikuta hana picha kabisa. Kwa hiyo mwekezaji anayechora duara kuzunguka mnara na kuhesabu kila paa lililomo kuwa mteja, anajidanganya mapema.

Faida ya wazi zaidi ya dijitali ilikuwa nafasi. Masafa yenye upana wa megahezi 8, yaliyokuwa yakibeba kituo kimoja cha analojia, yaliweza kubeba vituo vinne hadi sita kwa MPEG-2, njia ya kubana data za picha na sauti. Hapo ndipo ilipozaliwa dhana kwamba vituo vikiongezeka, mapato yataongezeka vilevile. Lakini kampuni zinazolipia matangazo ya biashara haziongezi bajeti eti kwa kuwa mnara umepata nafasi, na mtazamaji hakuongezewa saa za siku. Vituo sita vinagombea macho yaleyale, na kila kimoja kinadai vipindi vyake. Gharama ya kurusha kituo kimoja ilishuka. Gharama ya kutengeneza kipindi kizuri haikufuata.

Dhana iliyoumiza zaidi ni ile ya kwamba anayewahi ndiye anayevuna. Uingereza ina mfano ambao kila mwenye mtaji angefaa kuusoma. ONdigital ilianza Novemba 1998 ikiuza televisheni ya kulipia kwa antena ya kawaida. Mshindani wake, BSkyB, alikuwa ameanza dijitali ya setilaiti mwezi mmoja tu kabla, akiwa na nafasi kubwa zaidi ya vituo. Mwaka 1999 pande zote mbili zilikuwa zikigawa ving'amuzi bure, kumaanisha kila mteja mpya aliingia akiwa tayari ni gharama. Kisha ONdigital ikakubali kulipa pauni milioni 315 kwa miaka mitatu ya mechi za Football League, ligi zilizo chini ya Ligi Kuu. Ilibadili jina kuwa ITV Digital mwaka 2001, na mwaka uliofuata ikaanguka, ikiwa na wateja zaidi ya milioni moja. Namba hiyo ya wateja naikumbuka kila ninapoona biashara ya matangazo inajisifia idadi ya waliojiunga.

Kilichofuata kinafundisha zaidi ya anguko lenyewe. Mawimbi ya ITV Digital yalikuwa yamejazwa data kupita uwezo wa antena nyingi majumbani, na hata kuwasha taa au friji kuliweza kukatisha picha. Freeview, huduma ya dijitali isiyo ya kulipia, ilipoanza Oktoba 2002, sehemu ya mitambo ile ilishushwa kutoka takriban megabiti 24 kwa sekunde hadi 18. Vituo vikapungua, lakini mawimbi yakawa imara zaidi. Mtazamaji alinunua king'amuzi mara moja tu, bila malipo ya mwezi. Huduma hiyo ikakubalika haraka, kwa minara ileile.

Kuna pia wanaosema kwamba mkataba wa Geneva wa 2006, wa kupanga masafa ya utangazaji kati ya nchi, uliamuru analojia izimwe duniani kote tarehe 17 Juni 2015. Mkataba huo ulihusu Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na sehemu ya Asia, na haukumzimia mtu mtambo. Kilichokoma siku hiyo ni kinga: kituo cha analojia hakikuweza tena kudai kilindwe dhidi ya mwingiliano wa mawimbi ya dijitali ya nchi jirani. Tena, baadhi ya nchi zilipewa muda hadi 2020 kwa masafa ya VHF.

Na je, nani alivuna? Kwa sehemu kubwa hakuwa mtangazaji. Analojia ikizimwa, masafa yanabaki wazi, na masafa hayo hupenya kuta na kufika mbali, jambo ambalo kampuni za simu hulitafuta sana. Marekani iliyapiga mnada masafa ya megahezi 700 mapema mwaka 2008 na kupata takriban dola bilioni 19, kampuni za simu za Verizon na AT&T zikiwa wanunuzi wakubwa. Analojia ilikuwa bado inaruka hewani. Ilipangwa kuzimwa Februari 2009, lakini fedha za kuponi za dola 40 za kuwasaidia wananchi kununua ving'amuzi zikakwama na watu wakapangwa kwenye foleni ya kusubiri. Bunge likasogeza tarehe hadi 12 Juni.