Makamasi ya kijani hayamaanishi unahitaji antibayotiki

Kipupwe kikiingia Dodoma na upepo wake wa vumbi, mafua hupita nyumba kwa nyumba. Makamasi yakigeuka kijani tu, utasikia kwenye dirisha la duka la dawa: "Naomba zile za rangi mbili, nusu dozi." Hizo ni kapsuli za antibayotiki, maana inaaminika kwamba ukijani huo ni alama ya bakteria.

Sivyo. Ukijani unatoka kwa chembe nyeupe za damu za mgonjwa mwenyewe. Zikikusanyika puani kupambana na maambukizi, humwaga kimeng'enya chenye madini ya chuma, nacho ndicho cha kijani. Hutokea hata kama adui ni kirusi, na mafua karibu yote ni ya virusi. Antibayotiki kama amoksilini huzuia bakteria kujenga ukuta wake. Kirusi hakina ukuta huo, basi dawa haina pa kushika.

"Mbona nilimeza nikapona?" Ungepona tu. Mafua kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Dawa ilidandia basi lililokuwa tayari linaingia stendi. Unachobaki nacho pengine ni kuhara, na bakteria sugu waliosalia mwilini.

Antibayotiki si dawa mbaya, jamani. Wilayani Kongwa, azithromaisini imegawiwa vijiji vizima kupambana na trakoma, kwa sababu ugonjwa huo wa macho huletwa na bakteria. Ila mafua yakipita siku 10 bila nafuu, homa ikirudi, au mtoto akipumua harakaharaka, nenda zahanati ukapimwe.