Kushuka Rungwe ni kazi nyingine

Wageni wengi wanaonipigia simu huuliza jambo moja: Mlima Rungwe, huku Mbeya, unapandwa kwa saa ngapi? Nikishawajibu, nawauliza na mimi: mtaanza kushuka saa ngapi, na kwa mgongo upi? Hapo simu hunyamaza kidogo.

Naongoza watu kwenye milima ya Nyanda za Juu Kusini, na kazi hii imenifundisha kwamba huku kwetu ugumu hauko kwenye kupanda. Weka mkono wako mezani, vidole umevitanua, kiganja umekiinua kidogo kama mtu aliyefunika yai. Huo ndio mlima, na vidole ndiyo migongo yake. Sisimizi akianzia ncha ya kidole chochote akafuata mwinuko tu, atafika juu, hana haja ya ramani. Sasa mzungushe mara moja huko juu, ukungu ukiwa umetanda, kisha mwambie arudi alikotoka. Ana vidole vitano mbele yake, na kwenye hatua ishirini za kwanza vyote vinafanana.

Rungwe una vidole vingi kuliko vitano, na kuna sababu. Ni volkano iliyokaa pale matawi matatu ya Bonde la Ufa yanapokutana: la Rukwa, la Usangu na la Ziwa Nyasa. Yapata miaka 4,000 iliyopita ulilipuka kwa nguvu, ukamwaga majivu na mawe mepesi ya povu kwenye eneo kubwa. Jirani yake, Kyejo, ulitoa lava yapata miaka 200 tu iliyopita. Majivu ni laini, maji huyakata kirahisi, na maji hayapungui: upande wa Tukuyu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, maana upepo wa kusini-mashariki huzoa unyevu Ziwa Nyasa ukaupandisha moja kwa moja mlimani. Kwa hiyo ni korongo, mgongo, korongo, mgongo, kuuzunguka mlima wote. Na juu kabisa hakuna ncha moja kama watoto wanavyouchora mlima shuleni. Kilele cha zamani kiliporomoka, kikaacha bakuli lenye upana wa kilomita zipatazo 4, ukingo wake umebomoka upande wa magharibi, na ndani na kandokando yake mna vilima na kreta ndogondogo. Kwenye ukungu unaweza kusimama juu ya kilima ukaamini umefika, kumbe bado.

(Kwa wanaobishana vijiweni ni mlima upi mrefu zaidi Nyanda za Juu Kusini: Rungwe una mita 2,960, na Mtorwi wa safu ya Kipengere una 2,961. Tumepitwa kwa mita moja.)

Njia yenyewe huanzia kwenye viazi. Ukipanda kwa upande wa Isongole, kaskazini, unapita mashamba, kisha msitu mkubwa, kisha mianzi, kisha vichaka vya erika na nyasi. Msituni ndimo anamoishi kipunji, tumbili ambaye wawindaji wa hapa walimfahamu zamani, ingawa sayansi ilimtangaza mwaka 2005. Mara nyingi huwezi kumwona. Utamsikia: sauti ni kama honi iliyochanganyika na mbweko. Ukiisikia, simama, kaa kimya, na uwape wageni wako muda. Hakuna kipunji nje ya Tanzania, na hata hapa nchini wako sehemu mbili tu, huku kwetu na kwenye milima ya Udzungwa.

Mianzi ndiyo inayokula muda. Mianzi mizee huanguka ikakingama njiani, moja juu ya nyingine, na ikilowa huteleza kama sabuni. Ukiikanyaga hulia, ukiishika ili usianguke hukumwagia kichwani maji yote ya usiku uliopita. Wenyeji hupita humo na gambuti, na sijaona kiatu cha bei mbaya kinachowazidi kwenye tope lile. Mskochi William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado tunaitumia: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kilomita 8 na mita 1,200 za mwinuko unapata kama saa 3 na nusu. Naismith hakuwahi kupita mianzini kwetu. Kipande cha mianzi mimi huzidisha mara mbili, na kukiwa na mvua simpangii mtu kurudi kwa chini ya saa 10 za safari nzima.

Mwaka wangu wa tatu wa kazi, mwezi wa Septemba, nilipanda na wageni wanne kutoka Dar es Salaam. Mmoja alikuwa mwalimu, mama wa makamo, mtembeaji mzuri, amevaa jinzi. Tulifika juu saa saba na nusu mchana na ukungu ukafika pamoja nasi. Tulikula, tukapiga picha. Naitaja picha kwa sababu hapo ndipo tulipopotea. Kila mtu alitaka kusimama na kila mtu, tukageukageuka, na tulipobeba mizigo nilishika mgongo uliokuwa mbele ya macho yangu, nyasi zilezile, mawe yaleyale. Nilitembea kwa uhakika kabisa.

Baada ya dakika thelathini na tano nikasikia baridi shavuni. Shavu la kulia. Msimu ule upepo hutoka kusini-mashariki, na sisi tulitakiwa kuwa tunashuka kwenda kaskazini, kwa hiyo upepo ulipaswa kunipiga nyuma ya bega la kulia, si usoni. Nikatoa dira, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kuinua mguu kule juu. Tulikuwa tunaelekea mashariki, tunateremkia korongo la msitu lisilo na njia.

Kuna sauti ndani ya mtu inayosema: kata tu kushoto, vuka korongo, utaikuta njia upande wa pili. Watu wengi wanaolala milimani wameisikiliza sauti hiyo. Korongo la Rungwe lina kuta za majivu yaliyolowa, zinashikwa na mizizi tu, na ukishuka ndani huoni mbele wala nyuma. Nikawageukia nikawaambia: "Nimekosea mgongo. Tunarudi juu." Hakuna aliyefurahi. Kupanda tena kulitugharimu dakika hamsini, na kule juu mwalimu akashindwa kufunga zipu ya koti lake. Vidole vilikuwa vinagusa tu, havishiki. Nikamwuliza, "Mama, unasikia baridi?" Akajibu taratibu mno kwamba yuko sawa.

Jibu hilo ndilo lililonitisha. Mwili ukianza kupoa, mikono huharibika kwanza, kisha maneno, kisha uamuzi, na mwenye hali hiyo ndiye wa mwisho kujua. Tulimvua jinzi iliyolowa, tukamvisha suruali kavu ya mwenzake na sweta langu, tukampa chai yenye sukari nyingi, tukaondoka naye katikati. Giza lilitukuta mianzini. Saa mbili na robo usiku tukatokea kwenye mashamba ya viazi, mbwa wanatubwekea.

Tangu siku ile, tukifika juu, simu haitoki mfukoni mwa mtu mpaka nimelaza fimbo yangu chini, ncha ikielekea tulikotoka. Ndipo watu wapige picha watakavyo. Wakati wa kupanda, kila njia panda nageuka nyuma na kuitazama njia kwa sura yake ya kurudia, maana njia ina nyuso mbili. Nafunga fundo la nyasi upande wetu, naandika daftarini nyuzi za dira za kurudi. Simu yenye ramani ninayo pia, lakini nailaza ndani ya shati, karibu na mwili: baridi hulegeza betri, na simu iliyosoma asilimia arobaini inaweza kuzimika mkononi. Na saa saba mchana tunageuka, popote tulipo, hata kilele kikiwa kinaonekana. Mwezi wa Juni jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu, na mianzini giza haliwezi kungoja saa hiyo.

Kuhusu hewa, wasiwasi ni mkubwa kuliko tatizo. Kwenye mita 2,960 shinikizo la hewa ni kama asilimia 70 ya lile la pwani. Utahema, kichwa kinaweza kuuma kidogo. Ukitoka Dar kwa basi, lala Mbeya mjini usiku mbili. Uko karibu mita 1,700 na mwili unaanza kuzoea. Baridi ndiyo ya kuiogopa. Joto hupungua kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo juu ya Rungwe ni kama nyuzi 8 chini ya Mbeya mjini, kabla hujaongeza upepo na nguo mbichi. Pita Mwanjelwa, kwenye mitumba, utafute sweta la sufu na koti lisilopitisha maji. Jinzi iache hotelini.

Kilele cha Mbeya, kilicho juu ya mita 2,800, ni kifupi zaidi na hakina mianzi ya kukuchelewesha. Anza nacho kama hujawahi kupanda mlima wowote.

Kitulo ni habari nyingine kabisa. Ile nyanda iko karibu mita 2,600, imekuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua, na watu huiita Bustani ya Mungu. Ukipandia Chimala unahesabu kona hamsini na saba hadi Matamba. Maua hutoka kwenye mvua, Desemba hadi Machi au Aprili, wakati ambao singempeleka mtu Rungwe. Tazama unapokanyaga: okidi za ardhini zimechimbwa sana kwa ajili ya viazi vyake, vinavyouzwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na shina moja linaloonekana ni la thamani. Huko juu hakuna migongo ya kukupoteza, kuna nyasi zilizolala sawa pande zote, na ukungu ukishuka hata mteremko wa kukuongoza huna. Tembea ukiijua barabara iko upande gani, na dira iwe mkononi tangu mwanzo.

Kibali cha Rungwe ni cha TFS, wakala wa misitu, cha Kitulo ni cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, pale Matamba. Kichukueni siku moja kabla. Ofisi zinapofunguliwa asubuhi, ninyi mnatakiwa kuwa mmeshaingia msituni.